Ushuhuda Nilioufuta kwa Kinywa Changu

Asifiwe Mungu wa rehema, aupaye uwele masuke katika nchi kavu, na awapaye wazee pumzi ya kukiri makosa yao kabla hawajaitwa. Yeye ndiye aliyeniumbia ulimi huu, na ndiye aliyeuvumilia ulipotangulia mbele ya akili. Mikononi mwake naweka haya ninayoyaandika, ayafanye yamfae mtu.

Nimekuwa katekista kwa miaka thelathini na moja katika kanisa letu la hapa Hombolo. Kwa asiyejua, katekista ni yule anayewafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, anayeongoza mazishi mchungaji akiwa safarini, na anayeulizwa yale yote ambayo watu wanaona haya kumwuliza mchungaji. Wananiita Mwalimu. Nina shamba la zabibu la karibu ekari moja, mke mmoja, na watoto ambao wote wameshatoka nyumbani. Ninayeandika habari zake ni binti yangu wa mwisho. Amenipa ruhusa. Amezisoma kurasa hizi kabla yako, akafuta mstari mmoja, akasema mengine yabaki.

Ugonjwa wake ulianza akiwa chuoni. Daktari alitumia neno bipola, kisha akauona uso wangu, akaeleza upya kwa utaratibu. Ni ugonjwa wa hisia, alisema. Kuna majira mgonjwa hupanda juu: hapati usingizi, maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, anaona kila jambo linawezekana, tena leo hii. Na kuna majira hushuka chini mpaka kunawa uso kunakuwa kazi ya siku nzima. Katikati ya hayo ana akili timamu kama wewe na mimi. Dawa humshika hapo katikati.

"Lakini, mzee," daktari aliniambia, "hizi si za malaria, kwamba ukimaliza dozi umemaliza. Huyu atameza akiwa mgonjwa, na atameza akiwa mzima. Hasa akiwa mzima."

Niliitikia kwa kichwa. Maneno niliyasikia yote, wala sitadanganya kwamba sikuelewa. Ila moyoni nilisikia jambo lingine: kwamba mwanangu amefungwa, na kwamba kazi yangu maisha yote imekuwa kuombea waliofungwa.

Alimeza kwa miaka mitatu. Alimaliza chuo, akapata kazi ya kutunza kumbukumbu katika masjala ya wizara moja huko Mtumba, akapanga chumba Miyuji, na kila baada ya wiki mbili akawa anakuja nyumbani na mkate na sukari. Hakuugua hata mara moja. Alinenepa, na jambo hilo lilimkera. Mikono ilimtetemeka kidogo, hasa asubuhi, na mama yake akimpa chai humjazia kikombe nusu tu bila kusema kwa nini. Kiu haikumwacha. Lakini alikuwa yeye mwenyewe: mcheshi, mbishi, mwepesi wa kunisahihisha.

Sasa niseme kuhusu ushuhuda, maana bila hilo kosa langu halitaeleweka.

Kwetu ushuhuda una sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Mtu akisimama kanisani akasema Mungu amemponya, kina mama hupiga vigelegele, kwaya humwimbia, naye hutoa sadaka ya shukrani. Tangu siku hiyo ugonjwa ule hauna ruhusa ya kurudi. Palikuwa na mzee mmoja aliyeshuhudia kuponywa mguu. Baada ya miezi miwili alionekana anachechemea njiani, na watu wakamwuliza kwa huruma kabisa, "Umeufungulia mlango gani?" Basi akawa anachechemea nyumbani kwake tu. Njiani alitembea wima huku anauma meno. Mimi nilijua habari hiyo. Nilimcheka, Mungu anisamehe, wala sikuona kwamba ilikuwa inaniambia kitu.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Sikukuu ya Mavuno. Tulikuwa uani sisi watatu, mke wangu anapepeta uwele, binti yangu anachambua mboga ya mlenda, nami nimekaa na kitabu changu cha nyimbo.

"Mama," nilimwambia binti yangu, maana ndivyo ninavyomwita nikitaka jambo, "una miaka mitatu hujaugua. Kesho huna cha kumshukuru Mungu?"

"Ninacho, Baba. Nitatoa sadaka."

"Sadaka hata bubu hutoa."

Alicheka. "Sasa nisimame niseme nini? Kwamba sijaugua kwa sababu nameza vidonge asubuhi na jioni?"

"Sema Mungu amekuponya."

"Daktari hajasema nimepona."

"Daktari anasema anachokiona."

Mke wangu aliacha kupepeta. "Baba watoto, mwache ashukuru kwa maneno yake."

Nilimjibu kwamba sijamkataza mtu maneno yake, ninamkumbusha tu. Lakini mtoto akikumbushwa na baba, tena baba ambaye ndiye aliyemfundisha kipaimara, hapo hakuna kukumbushwa. Ni kusukumwa.

Kesho yake alisimama. Alisema maneno yangu, neno kwa neno, kama somo alilokariri. Vigelegele vilikuwa vingi. Nilikaa pale mbele na joho langu, nikajiona kama mkulima aliyewatangulia majirani kuvuna.

Jioni alinifuata mlangoni, begi la safari begani. "Baba, na vidonge je?"

Sikumwambia aache. Watu wameniuliza, nami nawajibu hivyo hivyo, sikumwambia aache. Lakini nilisema neno baya kuliko hilo. Nilisema, "Mtu aliyesimama mbele ya madhabahu anajua mwenyewe." Kisha nikamwombea safari njema.

Aliacha siku ile ile.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri, na hapo ndipo mitego hutegwa. Unene ulipungua. Mikono ilitulia. Alirudi kuimba kwaya, akachangamka, akawa ananipigia simu kila siku. Nikamwambia mke wangu, "Unaona?" Yeye alikuwa anahesabu jambo lingine: kwamba mtoto anapiga simu saa kumi alfajiri, na saa tano usiku, na katikati ya hapo yuko kazini.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, katika ule upepo wetu wa baridi unaopasua midomo, mkuu wake wa masjala alinipigia. Alikuwa mama mwenye adabu, na alianza kwa kuniamkia.

"Shikamoo, mzee. Binti yako leo ameyatoa majalada nje."

"Marahaba. Yapi?"

"Yote, mzee. Ameyapanga kwenye nyasi mbele ya jengo. Anasema yana baridi, yanahitaji jua. Tumemsihi arudi ndani, amekataa. Sasa ni saa nzima tangu aondoke, na alisema anakuja huko kwako."

Alifika kabla sijamaliza kutafuta viatu. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja shambani, akachukua mkasi wa kupogolea uliokuwa umetundikwa kwenye nguzo, akaanza kukata. Aliye mgeni wa zabibu ajue kwamba mzabibu hupogolewa baada ya kuvuna, matawi yakiwa matupu. Siku ile vichala vilikuwa vimejaa, vimebakiza wiki mbili au tatu vikomae. Alikata matawi na vichala vyake, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mikono ikienda kasi kuliko ya mfanyakazi yeyote niliyewahi kumwajiri. Na alikuwa anaomba kwa sauti. Maombi yenyewe yalikuwa mazuri. Hilo ndilo nataka usikie. Yalikuwa mazuri kuliko ninayoomba mimi.

"Baba," aliniita akiniona, "imechoka kubeba! Mungu amesema ipumzike! Wewe umefundisha miaka yote, husikii?"

Nami, mtu niliyesomea mambo ya imani, niliyekaa chini ya maaskofu na kusikiliza, nilisimama kwenye kichwa cha mstari nikajiuliza kama kweli Mungu amesema. Majirani wawili waliokuja kuchungulia walivua kofia. Kama angekuwa anatukana, ningejua. Kwa kuwa alikuwa anaomba, sikujua.

Mke wangu ndiye aliyejua. Alikuja na bakuli la ugali na mlenda, akampa mtoto, mtoto akalisukuma bila kulitazama. Mke wangu akanigeukia.

"Mtazame, huyu huenda hajala tangu jana. Midomo imekauka. Macho hayatulii. Mzee, nabii naye hula. Tafuta gari."

Nikatafuta gari. Alikuwa amekata mistari minane.

Alilazwa wiki tatu. Waliomhudumia walimtunza kwa heshima, nami nawaombea mpaka leo. Walimrudishia dawa, akalala, akala, akarudi chini polepole. Lakini hakusimama pale katikati. Alipita, akaendelea kushuka. Aliporudi nyumbani mwishoni mwa mwezi wa nane alikuwa mtu wa kukaa kwenye kigoda, uso ukutani, khanga kichwani. Kazini walikuwa wamempa likizo ya ugonjwa, wakasema nafasi yake inamngoja kwa muda, si milele.

Na dawa akazikataa. Hakuzikataa kwa kelele. Alizipokea kutoka kwa mama yake, akanywa maji, akashukuru. Siku ya nne mke wangu alipofagia alizikuta zimepangwa nyuma ya mguu wa kitanda, zimelowa kidogo, moja baada ya nyingine. Tukazisaga tukatia kwenye mlenda, akauonja, akaacha kula mlenda. Nikamkaripia. Nikamsihi. Nikamwombea kwa kumwekea mikono, akakaa kimya kabisa chini ya mikono yangu kama mtu anayengoja mvua ipite.

Tulijua tunakoelekea. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba mgonjwa akiwa chini namna hiyo bila dawa, hatari si kupoteza kazi tu. Mke wangu alificha kamba ya kisima na mkasi wa shambani. Tuliishi hivyo, tukihesabu visu jikoni.

Siku ya kliniki nilikwenda peke yangu, kwa kuwa yeye aligoma. Muuguzi wa pale ni mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita majina kwenye korido ndefu. Nilimweleza yote: nyuma ya kitanda, mlenda, maombi.

"Mzee wangu," alisema, "mimi nimeona dawa zikifichwa kwenye soksi, kwenye nywele, kwenye Biblia. Ukimlazimisha utashinda leo. Kesho atapata maficho mapya, maana ana akili kuliko wewe na mimi. Umeshamwuliza anaogopa nini?"

"Anajua zinamsaidia."

"Sikuuliza anajua nini."

Nilirudi Hombolo. Nilimkuta uani, nikavuta kigoda nikakaa kando yake, nami nikautazama ukuta.

"Mwanangu, unaogopa nini kwenye zile dawa?"

Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayepandisha maji kutoka kisima kirefu, "Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nimepona. Nikimeza, mmoja wetu ni mwongo. Ama mimi, ama Mungu. Mimi sitamwita Mungu mwongo."

Palikuwa na mtu wa tatu ambaye hakumtaja.

Alimtaja baadaye kidogo. "Wewe presha yako kila asubuhi unaimezea kidonge, unajifuta mdomo, unaomba. Kwani hiyo Mungu imemshinda?"

"Sijawahi kuitolea ushuhuda."

"Basi una bahati," alisema. "Hukuwa na baba katekista."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kusikia ukali wake ule wa zamani, na ingawa ulinichoma, nilimshukuru Mungu kwa ncha yake. Nikamwuliza, "Nikisimama kanisani nikasema kosa lilikuwa langu, utameza?"

"Huwezi."

"Nikiweza?"

"Baba, wewe ukikosea namba ya wimbo unasema kitabu kimekosewa chapa."

"Nimekuuliza nikiweza."

Aligeuza uso kutoka ukutani. "Ukiweza, nitameza. Lakini usiseme kwamba nilielewa vibaya. Ukisema nilielewa vibaya, usinirudie."

Alinijua vizuri. Hicho ndicho nilichokuwa nimepanga kusema.

Nilikwenda kwa mchungaji. Ni kijana, nilimfundisha mwenyewe kipaimara, na bado akiniona huficha simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Mwalimu, sikatai. Ila ukiufuta ushuhuda mmoja, watu wataanza kuzitazama shuhuda nyingine."

"Wazitazame."

"Na wanaokuheshimu?"

"Kama wananiheshimu kwa sababu sikosei, hiyo heshima ni ya mtu mwingine."

Alitabasamu kidogo. "Basi naomba useme kwa hekima."

"Nikisema kwa hekima sana, hawatajua nimesema nini."

Akanipa nafasi Jumapili ile, baada ya matangazo.

Nataka kusema kweli kuhusu wiki ile. Nilitafuta mlango wa kutokea. Nilijiambia kwamba nitawatia mashaka wachanga wa imani, na kwamba adui atapata cha kusema. Niliomba Mungu anionyeshe njia nyingine, nikafunga siku moja. Hakunionyesha. Nilipomaliza kufunga nilikuwa na njaa tu, na Jumapili ilikuwa imesogea.

Jumapili binti yangu alikuja. Alikaa benchi la mwisho karibu na mama yake, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Nilisimama mbele. Nilikuwa nimeandika karatasi, lakini miwani iliingia ukungu, nikaikunja ile karatasi. Nikasema: ndugu zangu, siku ya Mavuno mlisikia ushuhuda hapa. Aliyesema ni binti yangu, lakini maneno yalikuwa yangu. Yeye alitaka kumshukuru Mungu kwa afya anayoipata kwa kumeza dawa. Mimi nilimsukuma aseme amepona. Alipouliza kama aendelee na dawa, nilimjibu kwa fumbo, kwa sababu niliona aibu kusema ndiyo. Akaacha, akaugua, mmeona wote. Yeye hakusema uongo, wala hakuelewa vibaya. Alinielewa vizuri kabisa. Kosa ni langu. Ninaufuta ushuhuda ule, nami namwomba radhi mbele yenu kama alivyosimama mbele yenu.

Nje mbuzi walisikika. Kisha mzee mmoja wa kanisa, ambaye masikio yake si mazuri na kwa hiyo huongea kwa sauti ya juu, akauliza kutoka benchi la mbele:

"Mwalimu, tuelewane. Alipona au hakupona?"

"Hakupona, mzee mwenzangu. Akimeza dawa yuko vizuri. Akiacha, anaugua."

"Kwa hiyo tumshukuru Mungu au tusimshukuru?"

Baadhi ya watu walicheka chinichini.

"Tumshukuru," nilisema. "Kwa kuwa dawa zipo na zinamsaidia."

"Sasa si ungesema hivyo tangu Mavuno? Tungekuwa tumeshamaliza."

Mama mmoja alianza kigelegele, akaona hakuna anayemfuata, akakikata katikati. Basi. Hapakuwa na wimbo. Wengine walinipa mkono mlangoni, wengine walipita upande wa pili, na kwa mwezi mzima vijana wa kwaya waliniita Mwalimu wa Vidonge wakidhani sisikii. Nimeitwa majina mabaya kuliko hilo.

Lakini nilipokuwa nafunga madirisha, mwimbishaji wa kina mama, mama mwenye sauti kubwa, alinikuta peke yangu. Alitazama huku na huku.

"Mwalimu, na za sukari?"

"Za sukari zimefanyaje?"

"Nilishuhudia Pasaka. Nimeacha tangu Pasaka." Aliinua kidogo gauni akanionyesha kidonda juu ya kifundo cha mguu. "Ninakifunika na soksi."

Nilimpeleka zahanati Jumatatu asubuhi, mimi na mke wangu. Njiani sikumhubiria. Nilikuwa nahesabu kimya ni wangapi niliowapigia makofi katika miaka ile yote.

Nirudi nyumbani, Jumapili ile. Tulifika tukiwa tumechoka. Binti yangu alikaa uani, safari hii mgongo ukiwa ukutani. Hakunishukuru, wala sikutarajia anishukuru.

"Umeongea mno, Baba," alisema. "Maneno matatu yangetosha."

"Yapi?"

"Ni mimi nilimsukuma."

"Hayo niliyasema."

"Uliyasema katikati. Ungeanza nayo." Kisha akamwita mama yake aliyekuwa jikoni. "Mama, lete hizo dawa. Na maji yasiwe ya moto."

Alimeza. Halafu akafungua mdomo wazi, akainua ulimi, akatuonyesha huku na huku kama walivyomzoeza wodini.

"Funga mdomo, mwanangu," nilimwambia. "Hapa ni kwako."

Hakupona siku ile, wala wiki ile. Ilichukua karibu miezi miwili kabla sijamsikia akicheka peke yake jikoni na redio. Mke wangu alirudisha kamba kisimani bila kutangaza. Na siku ya kliniki alikwenda kwa miguu yake, nikamsindikiza. Nilidhani nitamsemea, nikafungua kinywa, yule muuguzi mfupi akaniinulia kidole.

"Mzee, leo wewe ni msindikizaji."

Binti yangu akaeleza mwenyewe kwamba dawa zinamtetemesha mikono, na kazi yake ni kuandika namba za majalada, na namba iliyotetemeka hakuna anayeisoma. Alieleza kuhusu unene na kiu. Akasema, "Sikatai kumeza. Nakataa kumeza hizi kwa kipimo hiki kama kuna njia nyingine." Daktari alimsikiliza, akampima damu, akapunguza moja na kubadilisha nyingine, akamtaka arudi baada ya wiki mbili. Miaka mitatu aliyokuwa akizimeza bila kuugua, hakuwahi kumwambia mtu habari ya mikono. Nilipomwuliza kwa nini, alisema alidhani ndiyo bei yake, na kwamba mtu hamlalamikii Mungu bei.

Sasa ana kipimo kinachomfaa. Amerudi masjala. Wenzake bado humtania siku ya jua kali, "Dada, leo tuyatoe majalada?" naye huwajibu kwamba leo wataanza kutoka wao. Mizabibu ya mistari ile minane ilichipua vibaya mwaka ule na vizuri mwaka uliofuata, kwa kumwagilia na mbolea ya ng'ombe, wala sidai kwamba ina maana yoyote zaidi ya hiyo.

Watu huniuliza kama sasa nina hakika. Ninayo, ila si kwamba hataacha tena dawa. Siku moja ya mwaka huu, Alhamisi mchana, simu iliita nikiwa nafundisha darasa la ubatizo. Nikatoka nje.

"Shikamoo, Baba. Sijameza siku mbili."

"Marahaba, mama. Kwa nini?"

"Sijui. Nilijisikia vizuri mno."

"Vizuri namna gani?"

"Ile vizuri ya kutaka kupaka rangi chumba."

"Rangi umenunua?"

"Debe mbili. Ya machungwa."

Tulicheka. "Umezungumza na muuguzi?"

"Nimempigia yeye kwanza. Ameniambia la kufanya, nimeshafanya, na kesho ninakwenda. Wewe ni wa pili."

Nilirudi darasani nikiwa na furaha ya mtu aliyewekwa nafasi ya pili mahali panapostahili. Wanafunzi waliniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, ni binti yangu, amenipa habari zake.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe mtu wa kumwambia ukweli kabla haujawa mzito, na akufanye wewe mtu ambaye ukweli unaweza kuletwa kwako bila woga. Kama unameza dawa, akupe uvumilivu wa kesho na wa keshokutwa, na ulimi wa kusema zinapokuumiza. Kama unamtunza anayemeza, akupe subira isiyohesabu, na usingizi usiokatika. Akubariki ukiingia na ukitoka, nyumba yako isikose maji wala kicheko. Amina.